Aliyeziba Mtungi

Ngoo. Kisha kimya. Kisha ngoo nyingine, nyembamba kidogo kuliko ya kwanza.

Hivyo ndivyo zilivyoanza asubuhi zangu zote za Lindi: Mtunzaji akipita katikati ya meza, akigonga vyungu na mitungi kwa kifundo cha kidole, sikio kaliinamisha kama mganga anayesikiliza kifua cha mtoto. Chombo kizima huimba. Chenye ufa hukohoa. Akisikia kikohozi husimama, akasema, "Pole, bwana," kisha akakibeba kwa mikono miwili kukipeleka uani, alikokuwa na jiko lake la mkaa na kopo la sandarusi ya kuzibia. Mimi nikiwa na ufagio upande wa pili wa chumba nilijua kwa mlio tu ni chombo gani kimegongwa. Hata leo mtu akigonga chungu sokoni kabla ya kununua, mimi nageuka.

Jina lake nalijua, ila mwenyewe hakupenda kuitwa kwa jina. "Jina ni la nyumbani," alisema, na kwa kuwa nyumbani kwake hapakueleweka ni wapi, mji mzima ukamwita Mtunzaji. Alikuwa mtu wa Kilwa Kivinje, mrefu, mwembamba, ndevu zimekuwa nyeupe upande mmoja na mwingine bado zinabishana. Alitunza chumba cha makumbusho miaka ile watu walipokuwa wakihamia vijiji vya ujamaa. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, shangazi yangu akaniombea kazi ya kufagia na kupangusa vumbi. Watu wakiniuliza alikuwa mtu wa namna gani, huwajibu hivi: alikuwa mtu aliyeweza kuziba kila kitu, na kitu kimoja kikamshinda kukizibua.

Chumba chenyewe kilikuwa kimoja tu, kirefu, kuta za mawe na chokaa, zamani kilikuwa ghala la mfanyabiashara. Baada ya Uhuru kikawa cha historia. Humo mlikuwa na vinu, mitego, ngoma, vikapu, mawe ya kusagia, vipande vya sahani za kale kutoka Kilwa Kisiwani, na vyungu vya kila tumbo. Wahuni wa mjini walikiita "stoo ya marehemu." Mimi nilikipenda sana. Nilikuwa nikipangusa huku nikikijenga upya kichwani: makabati ya vioo, taa za umeme, na mimi mwenyewe nimevaa sare na viatu vya visigino nikiwaongoza wageni. Siku moja nikamweleza.

"Visigino? Kwenye sakafu hii?" akasema. "Utavunjika mguu binti, nikuzibe na sandarusi, ukaolewe unanukia ubani."

"Si bora ninukie ubani, Mzee, kuliko wewe unayenukia moshi!"

Akacheka mpaka akashika meza. Kucheka kwake kulikuwa kwa namna hiyo, lazima ashike kitu.

Lakini huyo huyo mwenye kucheka, kila asubuhi alipofungua kufuli, hakuingia. Alisukuma mlango kidogo, akasema, "Hodi." Akangoja. Si kungoja kwa mchezo, ni kungoja kwa mtu anayesikiliza kama ataambiwa karibu. Kisha ndipo akaingia, kwa mguu wa kulia. Mwanzoni nilidhani ananitania. Nikamwuliza mbona anapiga hodi katika chumba alichokifunga mwenyewe jana jioni.

"Kwani wewe ukienda kwa watu huingia tu?"

"Lakini hamna mtu, Mzee."

"Basi piga hodi kwa vitu vyao."

Na bado, ukimwuliza habari za mizimu, alikuwa mkali kama mwalimu wa madrasa. "Wafu hawana miguu," alisema. Wakija watu wa bara wakinong'ona kuhusu ngoma fulani au kinyago fulani, aliwakemea, akawaambia mti ni mti. Nikiona hivyo nacheka kimoyomoyo, maana kesho yake nitamkuta mlangoni, amesimama, anangoja mti umwambie karibu.

Kuziba kulikuwa dini yake nyingine. Sandarusi ni ule utomvu wa kale unaochimbwa ardhini huku kwetu kusini. Rangi yake kama asali, na ukiuweka kwenye moto hulainika. Yeye aliuyeyusha, akauchanganya na unga wa vigae alivyovitwanga mwenyewe, mpaka rangi ikalingana na chombo. Akisha kuziba, akasugua kwa kokoto laini, huwezi kuona. Nilikuwa naletewa chungu nikitafute kidonda chake, nakigeuza, nakigeuza, sikipati, naye amekaa pale anafurahi kama mtoto aliyejificha vizuri.

"Kwa nini unajisumbua hivi?" bwana afisa wa wilaya alimwuliza siku moja. Alikuwa kijana mzuri tu, mwenye haraka. "Kwenye makumbusho mengine vitu vinawekwa hivyo hivyo vilivyovunjika."

"Kitu kilichovunjika kinawasengenya wenyewe," akajibu. "Mgeni akikiona anasema, kumbe walikuwa watu wa vigae. Tumepata uhuru wetu, bwana. Wacha wazee wetu nao waonekane wazima."

Alikuwa na kisa cha usiku wa Uhuru alichokisimulia kila mtu alipomsikiliza. Wenzake walikwenda uwanjani kuona bendera ikipanda. Yeye alibaki akiwasha taa ya chemli katika lile ghala, wakati huo likiwa tupu kabisa isipokuwa pipa moja lililopasuka. Akalikarabati lile pipa. "Waliporudi wakiimba, mimi nikawaonyesha pipa," alisema. "Wakanicheka. Lakini mwenzangu, bendera imeshachakaa ikabadilishwa. Pipa lipo." Na kweli lilikuwapo, tulikuwa tunatunzia maji ya kupigia deki.

Watoto wa shule wakija hakuwaeleza miaka wala majina ya masultani. Aliinua jiwe la kusagia, akawaonyesha bonde lililolika katikati.

"Hili limechimbwa na nini?"

"Na jiwe jingineee!"

"La. Limechimbwa na watoto waliokuwa wakisema mama nina njaa."

Mwalimu wao, mama mmoja mcheshi, alimvuta pembeni. "Mzee, nipe na mwaka kidogo. Mtihani hautauliza njaa."

"Mwaka sina, mama. Ningekuwa nao ningekupa."

"Haya basi watoto, andikeni: zamani sana." Watoto wakacheka, na yeye akacheka nao, akashika meza.

Kitu kimoja tu hakukiziba wala kukipaka mafuta. Chini ya meza ya mwisho palikuwa na sanduku, limegeuzwa likatazama ukuta, na ndani yake pingu ya chuma ya enzi za watumwa iliyotoka Kivinje. Bwana afisa kila akija huuliza, "Ile pingu iko wapi?" naye hujibu, "Inatengenezwa." Haikuwa ikitengenezwa. Alikuwa anaiacha iliwe na kutu. Nilipomwuliza alisema, "Kwetu Kivinje hiki hakikuwa cha historia. Kilikuwa cha jirani." Halafu akaongeza, taratibu, kama anayeongea na sanduku: "Hiki nakiacha kife chenyewe." Mtu aliyekuwa hawezi kuona kikombe chenye ufa akanyamaza, alikuwa anaingoja pingu ioze. Sikuwahi kumwelewa pale. Nilichoelewa ni kwamba nikifagia upande ule, mgongo wangu ulikuwa baridi.

Nyumbani kwake, chumba cha kupanga karibu na msikiti, niliingia mara moja tu, nilipompelekea dawa ya kikohozi. Ndipo nikashangaa. Paa linavuja, mkeka umetoboka, kikombe chake cha chai hakina mkono. Mtu wa kuziba vya watu wote! Nikamwambia. Akakitazama kile kikombe kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana. "Ah," akasema, "hiki nani atakuja kukitazama?"

Sasa niseme habari ya mtungi.

Watu walipokuwa wanahamia vijijini, nyuma yao yalibaki mahame. Agizo likatoka kwamba vitu vya asili vilivyoachwa visipotee, viletwe makumbusho. Vijana wenye lori, wengi wao watu wa mbali wasioijua nchi hii, wakapita Kilangala, Rutamba, mpaka huko kuelekea Mtama, wakiokota. Siku lori lilipokuja mlangoni kwetu Mtunzaji alikuwa kama bwana harusi. Vitu vingi vilikuwa vimevunjika kwa ubovu wa barabara na utupaji wa vijana. Ila mtungi mmoja ulikuwa mzuri ajabu, tumbo la duara, shingoni umepambwa kwa alama za kucha ya kidole gumba, alama kwa alama kuzunguka. Ulikuwa na shimo moja tu chini, la mviringo, safi.

"Tazama ustaarabu wa shimo hili," akasema. "Hata kuumia umeumia vizuri."

Akauziba siku ile ile. Ilikuwa kazi yake bora kuliko zote. Akauweka meza ya mbele, mtu akiingia tu anakutana nao. Mimi ni Mmwera kwa baba na mama, lakini nililelewa mjini kwa shangazi. Mambo ya makaburi ya bara sikuyajua. Yeye ni mtu wa pwani, hakuyajua pia. Basi tukaupenda mtungi wetu, wote wawili, bila wasiwasi.

Ukapita msimu. Akaja bibi mmoja kutoka kijiji kipya cha Rutamba, alikuwa mjini anamwuguza dada yake hospitali. Jua lilikuwa kali, akasimama mlangoni na fimbo yake.

"Hodi humu."

"Karibu bibi, shikamoo," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Naomba kivuli tu, sina haja nyingine."

"Kivuli bure, na historia bure," akadakia Mtunzaji.

"Mh! Cha bure hakikosi mdudu."

Tukacheka wote. Akaanza kuzunguka, fimbo ikigonga sakafu, akicheka kila kitu. "Hee! Kinu kimewekewa meza! Kwetu kingewekewa mtama. Na huyu naye, ungo? Ungo una kosa gani hata mmeufunga?" Mtunzaji alikuwa nyuma yake anafurahi, anaeleza, anataniwa, anajibu. Hivyo wakafika meza ya mbele.

Bibi akasimamisha fimbo. Akaweka kidole gumba chake juu ya zile alama za shingoni. Kikaingia sawasawa, kucha katika kucha.

"Huu nimeufinyanga mimi," akasema.

"Alhamdulillahi!" Mtunzaji akaruka. "Binti, lete kiti! Fundi mwenyewe amekuja!"

Bibi hakukaa. Aliupapasa mtungi chini, akaupapasa tena.

"Shimo liko wapi?"

"Umelitafuta umelikosa, eh? Hata mimi nikilitafuta silioni."

"Nani kaliziba?"

"Mimi, bibi. Kwa mkono huu."

Ndipo akakaa, si kwenye kiti, bali chini sakafuni, miguu kainyoosha kama mtu aliye msibani. Akaongea akitazama mtungi, hakututazama sisi.

"Huu ni wa mwanangu. Alikufa kwa uzazi, na mtoto naye. Tulipomaliza arobaini niliutoboa mwenyewe, nikauweka kaburini kwake. Chombo cha marehemu hakiachwi kizima, baba. Kikiwa kizima mwenyewe hukifuata. Hudhani bado ana kazi ya kuteka maji. Tunautoboa ili ajue kazi imekwisha, hakuna anayemngoja kisimani."

Mtunzaji mkono wake ulikuwa umebaki hewani.

"Waliouleta," akaanza, "walisema umeokotwa kwenye hame."

"Hame ni neno lenu. Lori lilikuja, tukapakia mahindi na kuku. Makaburi hayapandi lori."

"Bibi, Mungu ni shahidi, sikujua."

"Najua hukujua. Sikuapizi. Wala sitaki kuuchukua, kaa nao hapa hapa. Utoboe tu."

Nilimtazama Mtunzaji. Nilidhani jambo limekwisha. Ni msumari na dakika mbili. Lakini uso wake ulikuwa umejifunga kama mlango.

"Kikishaingia humu ni mali ya taifa," akasema. "Mimi nimeapa kukitunza. Siwezi kukivunja."

"Sikusema uvunje. Nimesema utoboe."

"Kwangu mimi ni hilo hilo, bibi. Na karibuni wanakuja wageni wa Dar es Salaam, bwana afisa amekwisha kuuona mtungi, ameusifu..."

Bibi akainuka kwa fimbo yake. Nikamshika mkono, akauachia taratibu.

"Haya, baba," akasema. "Kama umemwamsha, basi mtekee maji wewe."

Akatoka kwenye jua.

Mtunzaji akacheka, akashika meza. "Umesikia binti? Nimepewa ajira ya pili." Lakini asubuhi iliyofuata alipopita kugonga vyombo, aligonga vyote, na mtungi ule akauruka.

Haikuchukua muda nikaukuta una maji. Nikamwuliza. Akasema mtungi mkavu hupasuka, kila fundi anajua. Sawa. Basi jioni kabla ya kufunga alichota maji kwa kata kwenye pipa lake la Uhuru, akaujaza mpaka shingoni. Asubuhi, baada ya hodi yake, alikwenda moja kwa moja kuchungulia. Maji yamepungua.

"Mitungi yote hutoa jasho, Mzee," nikamwambia. "Ndivyo maji yanavyopoa."

"Najua hutoa jasho. Mbona meza kavu?"

Nilishika meza, ilikuwa kavu kama mkeka wa kuswalia. Nilijiambia ni upepo, chumba kina madirisha. Lakini tangu siku hiyo nikawa sipendi kuwa wa kwanza kuingia, na mimi pia nikaanza kupiga hodi, tena kwa nguvu, mpaka wapita njia wakawa wananijibu kwa dhihaka, "Karibuuu!"

Yeye alibadilika kwa namna nyingine. Alisogeza kigoda chake cha kazi kikawa karibu na meza ya mbele. Sandarusi alikuwa anayeyushia uani, sasa vitu vidogo akawa anavizibia pale pale, kando ya mtungi. Akawa anakata kucha zake, anachana zile ndevu zake zinazobishana. Asubuhi moja nilifika nikamsikia ndani anaongea, sauti ya chini, ya kawaida, kama mtu na mkewe wakiwa wanachambua mchele.

"Jana jua lilikuwa kali sana. Naona umekunywa."

Nikakohoa mlangoni. "Unaongea na nani, Mzee?"

"Na mtungi."

"Umekujibu?"

"Mitungi yenu ya Kimwera haina adabu. Haijibu wakubwa."

Nilicheka, lakini kicheko changu kilitoka kidogo.

Wageni wa Dar es Salaam hawakuja. Mvua zilikata barabara, na baadaye bwana afisa mwenyewe akahamishwa. Nikaona sasa hakuna kizuizi. Nikamwambia, "Mzee, tuutoboe. Yule bibi atapumzika." Akakubali, kweli alikubali. Akachukua msumari na nyundo ndogo, akauweka mtungi mapajani. Nikaenda kufagia uani ili nisimsumbue. Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa, nikachungulia: bado amekaa vile vile, msumari mkononi, mtungi mapajani, anautazama. Kisha akaurudisha mezani.

"Kesho," akasema.

Kesho zikawa nyingi. Kila nilipokumbusha alikuwa na neno: leo ni Ijumaa, leo mkono unatetemeka, leo kuna unyevu, udongo utachanika. Nikamwambia basi nipe mimi. Akanitazama kwa ukali ambao sikuwahi kuuona.

"Si wewe uliyeziba."

Tukamtumia bibi salamu kwa watu wa Rutamba waliokuja sokoni, kwamba aje wazungumze. Hakuja. Alileta jibu kwa mdomo wa mama mmoja muuza mihogo: "Mwambieni sina ugomvi naye. Ila usingizi wangu umekuwa mbaya. Nikilala nasikia mtu anashuka kisimani." Mama wa mihogo alilisema lile neno huku akihesabu mihogo yake, kama salamu za kawaida. Mtunzaji aliinama, akanunua mihogo ambayo hatukuihitaji. Jioni ile aliujaza mtungi mpaka ukafurika, maji yakachuruzika mezani, naye hakuyafuta.

Nimewaza sana kuhusu hilo. Mtu huyu hakuwa mkatili. Nilimwona akilia kwa sababu ya ngoma iliyoliwa na panya. Pingu aliiacha ife. Kaburi la mtoto wa watu alishindwa kuliacha lilale. Nilikuwa namkasirikia nikiwa nyumbani, nikipanga maneno, na nikifika asubuhi nikimwona anangoja mlangoni na ile hodi yake, maneno yote yananitoka.

Kifua chake kikaharibika. Mpwa wake alikuja kumchukua kumrudisha Kivinje kwa dada yake. Siku anaondoka hakuaga chombo hata kimoja. Alisimama tu mbele ya mtungi, akaushika shingoni kama unavyomshika mtoto mwenye homa. Akanipa funguo, akapanda gari. Mimi nikabaki nikimngoja mtunzaji mpya, ambaye serikali ilisema anakuja, anakuja. Na maji? Niliendelea kuyaweka. Sijui kwa nini. Jioni ya kwanza nilijiambia ni kwa ajili ya udongo usipasuke. Baada ya hapo sikujiambia kitu. Asubuhi yalikuwa yamepungua, nami nilikuwa nikikimbilia kuchungulia, na nitasema ukweli wote: siku moja nilipokuta yamepungua kidogo tu, nilihuzunika. Nikajisikia nimekosewa na rafiki.

Baada ya mvua, njia ilipofunguka, nikaenda Kivinje kumwona. Dada yake alinipokea mlangoni, mama mnene, mchangamfu, mikono ina unga.

"Wewe ndiye binti wa makumbusho! Pita mwanangu, pita. Huyu kaka yangu ataniua na maji. Mtungi umejaa, anataka uongezwe. Nikamwambia, kwani una ngamia humu ndani?"

Alikuwa kitandani uani, kitanda cha kamba, amekuwa mwepesi kama vazi lililoanikwa. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Hakuniuliza habari za safari, wala za shangazi, wala kama mtunzaji mpya amekuja. "Nani anamtekea maji?"

"Mimi."

Akafumba macho. Nilidhani amesinzia. Dada yake aliweka uji, akaondoka, na ndipo Mzee akaongea.

"Nilikwambia si wewe uliyeziba. Nilikuwa nakuongopea. Yeyote angeweza kutoboa."

"Sasa kwa nini, Mzee?"

"Mimi nimepanga vyumba maisha yangu yote, binti. Nafungua mlango, hakuna wa kuniuliza umekula. Nimekaa na vitu vya watu miaka na miaka, nawapigia hodi, hakuna aliyeniambia karibu hata siku moja. Halafu asubuhi moja nakuta maji yamepungua." Akatabasamu, na lile tabasamu ndilo lililonitisha kuliko yote. "Nikasema, ah. Kumbe kuna mtu."

Kuku walikuwa wanaparura uani.

"Mwanzo nilimwogopa," akaendelea. "Baadaye nikamzoea. Nikajua nikitoboa, ataondoka."

"Na mama yake?"

Akageuzia uso ukutani. Alikaa hivyo mpaka uji ukaota ngozi juu.

"Wote wanadhani kinachonikaba ni kifua," akasema kwa ukuta.

Nilimshika mkono. Maneno ya kumfariji sikuyasoma shuleni, na sidhani liko darasa linaloyafundisha. Nilikuja na korosho za kubanika, nikamwekea chache kiganjani, akazikunjia vidole lakini hakula. Jua lilipoanza kushuka dada yake akasema gari la kurudi litaniacha. Nilipoinuka Mzee akanivuta upindo wa khanga.

"Maji unaweka jioni?"

"Jioni, Mzee."

"Na asubuhi unachungulia?"

Alinisoma usoni, kama alivyokuwa akisoma ufa kabla ya kuuziba.

"Usimzoee, binti," akasema. "Nakuomba. Usimzoee."

Sikumwona tena.

Niliporudi Lindi sikungoja kesho. Nilifungua chumba mchana, watu wakiwa wanapita barabarani. Nikaubeba mtungi uani, ulikuwa mzito kwa maji ya jana, nikayamwaga mchangani. Nikawasha lile jiko. Shimo sikuliona, wala sikulihisi kwa kidole. Kazi yake ilikuwa nzuri mno. Ikabidi nishike kaa la moto kwa koleo, nilipitishe chini ya mtungi polepole, upande hadi upande, mpaka mahali pamoja pakaanza kung'aa, sandarusi ikatoa machozi ya asali. Nikasukuma kwa msumari. Kizibo kikadondoka kizima, hakikuvunjika, na mwanga wa jua ukaingia ndani ya mtungi kwa chini.

Nikachota kata ya maji, nikamimina. Yalipita yote, yakaingia ardhini. Nikakaa pale nimeushika kwa mikono miwili mpaka tone la mwisho, kisha nikaurudisha mezani ukiwa mtupu, nikafunga mlango.